Tuzo ya Pampu

Mimi ndiye niliyeandika vichekesho vya siku ile, na mimi ndiye niliyevisoma. Nasema mapema asije mtu akanitafutia utetezi. Kuna watu wakizeeka wanapenda kujifunika na maneno kama "tulikuwa vijana" au "nyakati zile zilikuwa ngumu". Mimi sikuwa kijana. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, meno yote kinywani, akili zote kichwani, na nilijua kabisa ninachokifanya.

Kwanza nieleze ilikuwa sherehe gani. Miaka ya tisini ilipoanza, magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuchipuka, na viwanda vya serikali vilikuwa vinauzwa kimoja baada ya kingine. Sisi waandishi wa habari wa Musoma na Bunda, pamoja na maafisa uhusiano wa viwanda na mashirika, tulikuwa na karamu yetu kila mwaka. Afisa uhusiano ni mtu anayelipwa akisemee kiwanda vizuri. Mwandishi ni mtu anayelipwa, siku akilipwa, akiulize kiwanda vibaya. Mwaka mzima tulikuwa tunatafutana na kukimbiana, tunabembelezana na kusengenyana, halafu Jumamosi moja mchana tunakutana kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Musoma, karibu na ziwa, tunakula wali na sato wa kukaanga, tunapeana tuzo za utani.

Tuzo zenyewe ni upuuzi mtupu. Kulikuwa na tuzo ya Mkubwa Yuko Kwenye Kikao, ya afisa aliyemficha bosi wake kuliko wenzake wote, na zawadi yake ilikuwa kufuli. Kulikuwa na tuzo ya mwandishi anayefika hotuba zikiisha na chakula kikianza kupakuliwa. Huyo alipewa sahani ya bati, na miaka miwili mfululizo aliichukua bwana mmoja mnene wa redio ambaye wala hakuona haya.

Lakini kulikuwa na sheria, na sheria hiyo ndiyo niliyoitumia kumwangamiza mtu. Aliyetajwa hajitetei. Anasimama, anakuja mbele, anapokea zawadi yake, anasema neno moja tu, "Nakubali," anamaliza chupa ya soda kwa pumzi moja, anarudi kukaa. Ukianza kujieleza, ukumbi mzima unakuzomea mpaka ushuke. Afisa mmoja aliwahi kujaribu. Alisema, "Naomba nifafanue kidogo," jamani! Walimzomea mpaka akatoka nje bila kula, na tangu siku hiyo mji mzima ukamwita Bwana Ufafanuzi, hadi watoto wake shuleni.

Sasa nije kwa mzee.

Mzee alikuwa afisa uhusiano wa kiwanda cha mafuta ya pamba na sabuni, nje kidogo ya Bunda. Kwao ni Majita, watu wa ziwani, lakini alijenga Nyasura, pale pale Bunda, akakaa na mkewe na watoto. Nilimfahamu miaka ile ya mwanzo ya themanini, nchi ilipokuwa haina kitu. Nikisema haina kitu sitanii. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Wewe ulikuwa unaweza kuingia ofisi ya serikali ukamkuta mkubwa kavaa shati lenye kola ya rangi ya udongo, na humshangai. Mzee alikuwa na sabuni. Kila tukienda kuandika habari za kiwanda, tulirudi kila mtu na mche wake umefungwa kwenye gazeti la zamani. Tulimpenda. Tusidanganyane, tuliipenda sabuni kwanza, yeye akafuata. Nepi za mtoto wangu wa kwanza zilifuliwa kwa sabuni ya mzee yule, na mtoto hakutoka hata upele.

Na kazi aliijua. Siku hizo habari ilitoka Musoma kwa simu ya posta. Unaomba laini ya Dar es Salaam asubuhi, unakaa kwenye benchi, unangoja. Laini inakuja inapotaka yenyewe. Ikija hujajiandaa, opereta anampa mwingine, na habari yako inakufa. Kwa hiyo mzee alibuni njia yake. Kukiwa na sherehe yoyote ya kiwanda, aliandika habari nzima siku mbili kabla, ikiwa imekamilika: mgeni rasmi alisema hivi, wananchi walifurahi hivi. Anaipiga taipu vizuri, anatugawia. Sisi tunaishika mkononi pale posta, na hatuisomi kwa simu mpaka neno lake lifike kwamba jambo limefanyika kweli. Neno lilikuja na dereva, au kwa simu ya posta. Kila mwandishi wa mkoa wa Mara alifanya kazi hivyo na mzee, na hakuna aliyeona ubaya. Wahariri wetu Dar hawakujua. Wangejuaje?

Basi kiwanda kikatoa pampu ya maji kwa shule moja ya msingi upande wa Butiama. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa aje kuiwasha, saa tano asubuhi. Mzee akatuletea taarifa yake kama kawaida. Nakumbuka ilisema maji yaliruka juu, akina mama wakapiga vigelegele, wanafunzi wakaimba. Nzuri sana.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mimi niko posta Musoma na taarifa yangu. Saa nne opereta akanifungulia kidirisha.

"Dada, Dar hiyo. Unaongea au nimpe mwingine?"

Saa nne! Hata mgeni rasmi hajafika. Lakini nilikuwa mwandishi mpya, mtoto mgongoni, gazeti lilikuwa bado linanijaribu, na pale kwenye benchi walikuwa wenzangu wawili wenye karatasi ile ile. Nilitaka kuwa wa kwanza. Nikasema naongea. Nikasoma yote, pamoja na vigelegele.

Kumbe mgeni rasmi amekwama kwenye tope kabla ya Kiabakari, na mafundi wa pampu wako kwenye msafara huo huo. Hakuna aliyefika. Pampu haikufungwa. Mzee alipoona hivyo, akamtuma dereva wake Musoma na kikaratasi. Dereva alinikuta saa saba na kitu, matope hadi kiunoni. Kikaratasi kilisema: "Mgeni hakufika. Pampu haijafungwa. Usitume, mwanangu."

Muda ulikuwepo. Hili sitaki kulificha. Ningeomba laini tena, ningengoja, jioni isingefika kabla sijaongea na mhariri. Niliitazama ile foleni ya watu pale posta, nikaona uvivu. Nikaona pia aibu, kwamba nitamwambia nini mhariri, kwamba nilisoma sherehe ambayo sijaiona? Nikamwambia dereva, "Mwambie mzee nimepata." Nikashuka sokoni Mwigobero kununua dagaa. Ndiyo, dagaa. Na nilikaa kabisa kupatana bei.

Wenzangu wawili walipata neno kwa wakati, habari hawakuituma. Gazeti langu peke yake ndilo lililotoka na maji yanayoruka juu. Lilipofika na basi, mwalimu mkuu wa shule ile alilisoma mbele ya wazazi ambao asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamechota maji ya bwawa pamoja na ng'ombe. Mgeni rasmi akataka maelezo, kwa sababu alionekana anasifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya, na watu wake walikuwa wanamcheka. Mhariri akanipigia: nani amekudanganya?

Kabla sijajibu, mzee alikuwa ameshajibu. Aliandika barua kwa uongozi wake na nakala kwa gazeti langu, kwamba kosa ni lake, kwamba neno la kusitisha alilichelewesha yeye.

Nilikwenda kwake Nyasura kumshukuru. Mkewe alinipokea mtoto, akanikaribisha ugali na samaki, akatuacha tuongee.

"Mzee, kwa nini umefanya hivi?"

"Mimi nimeajiriwa na serikali," akasema. "Watanipa barua ya onyo, itakaa kwenye faili, itaota vumbi. Barua hizi tunazipataga. Wewe wakikufukuza unakwenda wapi na huyo mtoto?"

Nikalia. Akaniambia niache kulia, ugali unapoa. Tukakubaliana tusiliongee tena. Mkewe alijua, mzee alijua, mimi nilijua. Dereva yule alifariki miaka michache baadaye.

Mambo yakageuka. Ruksa ya biashara ikaja, sabuni zikajaa madukani, za kila rangi, na ghafla mche wa mzee haukuwa kitu cha kukimbiliwa na mtu. Wale wale waliokuwa wanamwita baba wakaanza kumwita "yule mzee wa Bunda". Mimi pia. Nilikuwa nimekua, jina langu linasomwa, nina maneno makali, na kwenye karamu ya kila mwaka mimi ndiye msemaji wa tuzo. Watu walikuja kunisikiliza mimi. Tulimtania mzee kila mwaka, vitu vidogo, suti zake za Kaunda, taipu yake. Alisema "Nakubali", akanywa soda, akaenda zake.

Kisha kiwanda kikauzwa. Akaja meneja mpya, mtu kutoka nje, Kiswahili chake cha kuombea maji, na la kwanza alilotangaza ni kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Orodha ya watakaobaki itabandikwa getini Jumatatu. Na Jumamosi, siku mbili kabla, ilikuwa karamu yetu, na meneja huyo huyo ndiye aliyetoa soda za mwaka ule. Alikaa meza ya mbele pamoja na mkalimani wake, karani mmoja wa ofisini.

Mzee alinikuta nyuma ya ukumbi, mlango wa jikoni, nikipitia karatasi zangu.

"Mwanangu, nina ombi."

"Sema, mzee."

"Leo usinitaje. Miaka yote mnanitajaga, nacheka, yanaisha. Leo bosi mpya yumo. Jumatatu orodha inatoka na mimi hanijui. Nina umri gani wa kuanza kazi nyingine? Watoto watatu wako sekondari. Akinijua leo, anijue kama mzee anayekula wali wake kimya kimya."

"Wasiwasi wako tu, mzee. Nani akutaje?"

"Niahidi."

"Haki ya Mungu, sikutaji."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa na haraka, nikauvuta.

Nilipanda jukwaani na vichekesho vyangu, na vikafa. Sijui kwa nini. Labda watu walikuwa na njaa, labda nusu yao walikuwa wanaogopa orodha za kwao. Nilitoa kufuli, wakapiga makofi ya adabu. Nilitoa sahani ya bati, bwana mnene akaipokea, hakuna aliyecheka. Waandishi watatu wa Mwanza waliokuja wageni walikuwa wanaongea wao kwa wao. Meneja alipiga mwayo, akaufunika na kiganja. Halafu kijana mmoja, kijibwa cha gazeti la mpinzani wangu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Dada, shuka, umechuja!"

Umechuja! Mimi!

Nilijua kuna kichekesho kimoja ambacho hakijawahi kutumika, na nilijua hakiwezi kushindwa. Nilimwona mzee kwenye meza ya kati, amekata kipande cha sato, anatoa miba taratibu. Ahadi niliikumbuka. Watu wanapenda kusema walisahau. Mimi sikusahau.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "sasa tuzo kubwa. Tuzo ya Habari Iliyowahi Tukio!"

Nikawaigizia. Nikapandisha gauni kama mgeni rasmi anayepandisha suruali kwenye tope. Nikawasha pampu isiyokuwepo. Nikawasomea ile taarifa kwa sauti ya redio, maji yanaruka juu, nikainua uso nikajipangusa matone, nikawaambia akina mama wa ukumbini wapige vigelegele, na wakapiga! Ukumbi ukaamka. Wale wa Mwanza wakageuza viti. Kijibwa kule nyuma kikawa kinagonga meza.

"Hotuba hajatoa, keshanukuliwa! Maji hayajatoka, yameshanywewa! Mzee huyu alituandikia kila kitu, mpaka jasho la mgeni rasmi!"

Mtu akapaza sauti, "Hakuwaambia msitume?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kucheka nikapita. Lakini kichekesho kilikuwa kinataka jibu, na mimi nilikuwa juu, naelea.

"Ehee! Aseme nini? Hakutuambia!"

Walianguka kwa kicheko. Kwenye meza ya mbele, karani alikuwa anamtafsiria meneja sikioni. Meneja akaacha kula. Akauliza kitu, karani akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, ni wa kwetu, yule pale. Nilimwona akionyesha kwa kidole. Meneja akamtazama mzee muda mrefu. Kisha naye akacheka, tena akacheka mwisho, peke yake, wakati wengine wameshamaliza.

Mzee alikuwa amesimama. Alinawa vidole kwenye bakuli, akajipangusa na leso yake, akaanza kuja. Watu wanagonga meza kwa mpigo, wanaimba "Pampu! Pampu!" Nilimpa zawadi yake, ndoo tupu ya plastiki niliyoichukua jikoni dakika ile ile. Akanitazama. Sitasema aliniangalia kwa huzuni, maana si kweli. Alinitazama akingoja. Alikuwa na uhakika kwamba nitasema neno jingine sasa, kwamba utani umefika mwisho na nitaurekebisha, maana mimi ni mtu wake. Nilisogeza kipaza sauti mdomoni kwake.

"Nakubali," akasema.

Nikampa soda. Akainywa kwa pumzi moja, nyingine ikamwagika kifuani kwenye suti yake. Na mimi nikainama kwenye kipaza sauti nikasema, "Jamani, maji hayo yametoka!"

Ukumbi haujawahi kucheka vile, si kabla wala baada. Yule kijana wa nyuma alikuja baadaye kunipa mkono.

Jumatatu nilitumwa Bunda kuandika habari ya orodha. Watu walikuwa wamejaa getini tangu alfajiri, wengine wanalia, wengine wanashukuru Mungu kwa sauti ya chini wasiwaudhi wanaolia. Mzee alisoma orodha kwa kidole, kuanzia juu hadi chini. Akarudia kuanzia juu. Kisha akasogea pembeni awapishe wengine. Nilijificha nyuma ya lori la mbegu mpaka akaondoka. Karani yule mkalimani aliniambia baadaye, bila mimi kuuliza, kwamba mzee alikuwemo kwenye orodha Ijumaa. Meneja alimkata Jumapili, akasema kiwanda chake hakiwezi kusemewa na mtu anayebuni sherehe. Aliliomba faili, akaikuta ile barua ya onyo, na barua ya mzee mwenyewe ya kukiri. Kila kitu kikalingana.

Wiki tatu baadaye meneja akaniita mimi. Alisema anahitaji mtu mwenye ujasiri, anayeweza kusimama mbele za watu, kama yule dada wa kwenye karamu. Nikafikiri siku moja. Moja tu. Nikakubali.

Aliyekuja kunikabidhi ofisi ni mzee. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa; ningejisikia nafuu. Alinionyesha makabati, akaniambia droo ipi inakwama, dereva gani anakunywa, mwalimu gani wa kijiji gani anapenda kulalamika lakini ni mtu mzuri. Alipomaliza akaniwekea funguo mezani.

"Uliniumiza," akasema.

"Mzee..."

"Ngoja. Sikusema pale mbele za watu, na sitasema. Sheria ni sheria, na mimi nilishaandika barua yangu zamani. Lakini mimi na wewe tunajua."

"Tunajua, mzee."

"Basi hilo linanitosha."

Akatoka. Sikumfuata. Nilikuwa naikodolea macho simu ya mezani, simu ya kwangu peke yangu, bila foleni.

Mwaka uliofuata kanisa moja la Musoma lilitaka mtu wa kuanzisha gazeti lao dogo la mwezi. Mzee akaomba. Taipu aliijua, lugha aliijua, vijiji vyote alivijua, na wao walimtaka. Lakini mmoja wa wajumbe alikuwa amesikia habari za pampu. Nani Mara nzima hakuwa amezisikia? Niliwahi kuwasikia watoto wa Nyasura wakiziigiza barabarani. Wakasema hawawezi kumpa gazeti la kanisa mtu aliyetangaza uongo, labda apatikane wa kumsafisha. Mzee akawapa jina langu. Aliwaambia muulizeni yule dada wa kiwandani, yeye ndiye anayejua vizuri jambo lile kuliko mtu yeyote.

Barua yao ikafika mezani kwangu. Waliuliza kwa upole kabisa: je, ni kweli kwamba mzee huyu alitoa taarifa ya uongo, au kuna maelezo mengine?

Niliishika barua ile siku nne. Niliandika jibu moja la kweli, kurasa mbili, lote, na benchi ya posta, na kikaratasi, na dagaa. Nikalisoma. Niliona jinsi litakavyosomwa kwenye kikao cha kanisa, jinsi litakavyotoka kwenye kikao likafika sokoni, na kutoka sokoni kwa meneja. Niliona watoto wa Nyasura wakiigiza kitu kingine. Nikalichana vipande vidogo. Kisha nikapiga taipu mistari mitatu, kwenye karatasi yenye nembo ya kiwanda: kwamba alikuwa mfanyakazi wetu hadi alipopunguzwa, na kuhusu jambo lililoulizwa, kumbukumbu za ofisi zinaonyesha kwamba alikiri mwenyewe kwa maandishi. Kila neno lilikuwa kweli. Nikaweka sahihi.

Walimpa kazi mtu mwingine, kijana aliyemaliza shule ya sekondari juzi juzi.

Mzee alikuja ofisini asubuhi moja. Mlinzi alimweka getini karibu saa nzima, kwa sababu nilimwambia niko kwenye kikao. Nilitumaini atachoka aende. Hakuchoka. Alipoingia, niliona amekonda, na suti ile ile ya Kaunda inamning'inia mabegani. Nikamvutia kiti.

"Sikupata," akasema.

"Nimesikia, mzee. Pole."

"Walikuandikia?"

"Waliniandikia."

"Ukawajibu?"

"Niliwajibu."

Akasogea mbele ya kiti. "Uliwaambia?"

Dirisha lilikuwa wazi, mashine za kukamua zilikuwa zinanguruma, na ningeweza kujifanya sijasikia. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku ya ndoo.

"Niliwaambia," nikasema.

Mzee akaegemea nyuma. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, na uso wake wote ukalegea. "Basi," akasema. "Basi watakuwa na sababu nyingine. Umri labda. Mama watoto alikuwa ananiambiaga huyo dada hawezi kukusemea, atajilinda. Nikamwambia humjui. Nikamwambia huyo nilimwona akilia ndani ya nyumba yetu." Akapangusa macho kwa leso. "Na uliwaambiaje? Ulianzaje?"

Nikamwambia. Nilianza na mvua, tangu alfajiri, nikaja kwenye simu ya saa nne, na dereva mwenye matope hadi kiunoni, na kikaratasi chake neno kwa neno, na kwamba mwandishi alipewa onyo kwa wakati akalipuuza, na kwamba mwandishi huyo ni mimi, na kwamba mzee huyu hakuwahi kutoa taarifa ya uongo hata siku moja katika kazi yake yote. Nilisema vizuri, bila kukwama mahali popote. Yeye alisikiliza macho yamefumbwa, anaitikia kwa kichwa taratibu.

Nilipomaliza alifumbua macho. Kisha akaniomba nirudie ile sehemu ya mwisho, polepole, aishike yote, akamwambie mkewe.

Nikairudia.